Mgeni Hasindikizwi na Lango

Makazi yetu ya wazee hapa Nshambya yamepata lango jipya la chuma. Limewekwa kwa ajili ya mtu mmoja tu, Ma Klaudia, ninayelala naye chumba kimoja. Kumbukumbu imeanza kumtoka. Mara mbili ameokotwa stendi ya Bukoba akiulizia gari la kwao, Ngenge. Msimamizi wetu, Bwana Aristides, alisema akitoka mara ya tatu atafungiwa chumbani, hata jua asilione. Chakula kilinishinda mimi. Mwenyewe alikwisha kusahau.

Alhamisi akaja mkaguzi, Bwana Lwakatare, kulitazama lango. Akalisukuma, akalitikisa.

"Hapa hapiti hata kuku," akasema.

Alipoaga, Ma Klaudia akainuka, akamchukulia mkoba.

"Acha tu, mama."

"Uende peke yako kama mwizi? Kwenu hawasindikizi wageni?"

Mhaya aliyelelewa atajibu nini hapo? Muksini, mlinzi wetu, alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alitazama viatu vyake. Lango likafunguliwa.

Wakapotelea migombani. Aristides akatoka ofisini.

"Klaudia yuko wapi?"

"Amesindikiza mgeni," nikasema.

"Basi ndiyo mara ya tatu, bibi. Leo leo nanunua kufuli!"

Hajamaliza, wawili hao wakatokea. Mkaguzi kashindwa kumwacha mama wa watu barabarani, kamrudisha. Lakini mkoba hakupewa.

"Umenifikisha kwangu, waitu, ndugu yetu. Sasa ni zamu yangu, twende."

Wakaenda. Wakarudi. Wakaenda tena. Safari ya tatu bodaboda aliyekuwa akimsubiri mkaguzi barabarani alichoka, akaondoka. Mkaguzi alirudi na tope hadi magotini.

Aristides akamletea kitabu cha ukaguzi. "Andika, mheshimiwa, kwamba mzee ametoroka."

"Ametoroka na nani?"

Mkaguzi akaandika mwenyewe: Lango ni imara. Hakuna mzee aliyetoroka. Akatia sahihi na tarehe. Kufuli halikununuliwa.

Ma Klaudia akaketi kupumzika, nami nikamtolea mkoba mapajani taratibu. Bwana Lwakatare akaupokea, akauliza kwa kunong'ona kama kuna njia nyingine. Nikamwonyesha mlango wa jikoni. Huo haujawahi kuwa na komeo, na hakuna aliyekuja kuukagua. Akatoka kwa kunyata.

Baadaye Ma Klaudia akageuka huku na huku.

"Mgeni wetu yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Bila kuaga?" Akasonya. "Watu wa ofisini hawana malezi."