Shule ya Kulinganisha

Jumapili baada ya kufua, mdadisi alikaa kwenye kiti cha jikoni akafumua pindo la sketi ya binti yake mdogo, kwa sababu mtoto alikuwa amerefuka tena na magoti yote yalikuwa nje. Alitumia wembe, akichomoa nyuzi kidogo kidogo, huku mtoto amesimama mbele yake akilalamika kwamba anachomwa. Sketi ya binti mkubwa ilikuwa kwenye kamba na haikuhitaji kitu. Ilimkaa sawasawa, kama ilivyomkaa mwaka jana na mwaka juzi. Kwa kitambaa cha shule, ilikuwa imedumu vizuri.

Mdadisi hakuwa mpelelezi, ingawa jirani mmoja alidhani hivyo kwa muda mrefu, akawa anamsalimia kwa adabu iliyopita kiasi. Kazi yake ilikuwa kuwauliza vijana maswali kwa niaba ya mradi wa utafiti wa afya, uliotaka kujua namna ya kuwaepusha na tabia hatarishi: pombe, sigara, ngono isiyo salama, kupanda pikipiki bila kofia. Mradi ulichagua shule mbili zinazotazamana, barabara katikati. Ya kulia, ukitokea sokoni, ilipewa masomo. Kila Alhamisi alikuja mwelimishaji mcheshi mwenye picha kubwa na michezo ya kuigiza, akawafundisha vijana kusema hapana bila kutetemeka, mahali pa kupata ushauri, na la kufanya mambo yakienda mrama. Ya kushoto haikupewa kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa shule ya kulinganisha: wanafunzi wake waliulizwa maswali tu, ili mwishowe ionekane masomo yamewasaidia wenzao kiasi gani. Binti mdogo alisoma kulia. Mkubwa alisoma kushoto, kwa kuwa mwaka alioanza yeye kulia kulikuwa kumejaa.

Siku ya ufunguzi, mkuu wa mradi, aliyeitwa Daktari ingawa hakuwahi kutibu hata mafua, aliwaambia walimu wa kushoto, "Ombi letu ni moja tu. Watoto hawa wabaki kama walivyo mpaka tumalize." Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa kushika maagizo. Kesho yake asubuhi aliwatangazia wanafunzi mstarini, neno kwa neno, nao wakatii. Mwalimu wa zamu alisema hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwaona wakitii kitu chochote.

Tangu hapo hawakukua. Aliyekuwa anabalehe, sauti yake iliendelea kukatika katikati ya sentensi. Aliyekuwa na mafua aliendelea kupenga. Wavulana wawili waliokuwa wakionja sigara nyuma ya choo waliendelea kuionja, ile ile moja, bila kuimaliza wala kuipenda. Wazazi walilizungumzia jambo hilo kwenye kikao cha shule, baada ya suala la madawati, na wengi walisema afadhali. Viatu vilikuwa vinadumu.

Binti mkubwa alibaki na miaka kumi na minne. Mdogo wake alimfikia, wakaazimana nguo kwa muda, kisha akampita. Aliendelea kumwita dada kwa heshima, mpaka siku moja muuza duka akacheka akashika tumbo. Baada ya hapo wakawa wanaitana "wewe".

Mkubwa alibaki pia na swali lake. Asubuhi ile ya tangazo alikuwa ametoka nyumbani na jambo kooni, akipanga kumwambia mama jioni. Jioni akamwambia, na jioni iliyofuata, na zote zilizofuata. Alikuja kusimama mlangoni mwa jikoni, mguu mmoja juu ya mwingine.

"Mama, mtu mzima akikwambia jambo lenu usimwambie mtu, unafanyaje?"

Mdadisi alilijua jibu. Lilikuwa somo la nne. Alishakaa nyuma ya darasa la kulia akalisikia mpaka akalikariri, pamoja na mizaha ya mwelimishaji. Lakini alikuwa ameapa kwamba hata neno moja la masomo yale halitamfikia mwanafunzi wa kushoto kupitia kwake, na aliwaona wenzake wakifukuzwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Basi alijibu kama wadadisi wanavyofundishwa kujibu wanapogeuziwa swali.

"Wewe mwenyewe unaonaje?"

"Sijui, mama," binti alisema, akaenda kupanga sahani.

Huyo mtu mzima naye mdadisi alimjua, maana binti alishamweleza yote, vipande vipande, huku akipanga hizo sahani. Alikuwa mwalimu wa hisabati anayekuja kufundisha masomo ya ziada siku za Ijumaa, kijana mtanashati, shati limenyooka, simu mbili mfukoni. Wenzake wakitoka, alimwambia binti abaki ampangie vitabu. Alimwekea mkono begani, akamwambia hiyo ni siri yao wawili. Kila Ijumaa iliishia hapo, kwa kuwa hapo ndipo mambo yalipokuwa yamefika siku lilipotoka tangazo. Mdadisi alijipa moyo kwa hilo. Usingizi ulikuwa unamjia, na akiamka alijichukia kwa kulala. Binti akikua atakuwa na jibu lake, lakini na Ijumaa nayo itasonga mbele. Akawa anaishi roho mkononi, leo anaomba utafiti uishe, kesho anaomba usiishe.

Siku moja alipiga moyo konde akaenda ofisini kwa Daktari. Daktari alimkaribisha kiti, akasogeza kompyuta kando, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hili linaniuma kama linavyokuuma wewe. Na mimi nina mabinti," alisema. "Lakini sisi tunachunguza tabia za vijana. Hiyo ni tabia ya mtu mzima."

"Basi aondolewe tu, Daktari. Sitaki kingine."

"Tukimwondoa, shule itakuwa imebadilika. Tutalinganisha na nini?"

Mdadisi akaenda kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alisema kama isingekuwa maagizo ya mradi, angemfukuza huyo bwana siku hiyo hiyo, tena kwa mikono yake. Akamsindikiza mpaka getini.

Matokeo yalisomwa ukumbini mwaka wa tatu. Vijana wa kulia walikuwa na nafuu kidogo hapa na pale. Kushoto hakukuwa na mimba mpya hata moja, hakuna mvutaji mpya, hakuna aliyeanguka na pikipiki isipokuwa yule yule wa tangu mwanzo. Daktari alisoma takwimu, akazirudia, akavua miwani. Kutofanya kitu kulikuwa kumeyashinda masomo. Mradi ukaongezewa muda hapo hapo, na wazazi wa kulia wakauliza kama kuna nafasi za kuhamisha watoto. Ukumbi ukapiga makofi. Mdadisi naye alipiga, kwa kuwa waliokaa karibu walikuwa wanamtazama.

Jumamosi iliyofuata, mchana, alianua nguo akazibeba kwenda nazo chumbani kwa mabinti. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Mdogo, ambaye hakuwa ameapa popote, alikuwa akimchana nywele mkubwa.

"Unasema hapana kwa sauti," alikuwa anaeleza. "Unatoka hapo ulipo. Halafu unamwambia mtu mzima unayemwamini. Basi, wewe. Wala si jambo la kukunyima raha."

"Nilishamwambia."

"Nani?"

"Mama."

Kitana kilisimama.

"Akasemaje?"

"Anasema mimi mwenyewe naonaje."

Kitanda kikalia, na binti mkubwa akaanza kukua. Mikono ilitoka kwenye mikono ya blauzi, miguu ikafika ukutani. Vifungo viwili viliruka, mdogo akainama kuvitafuta uvunguni. Mdadisi alisubiri nje na nguo zake mpaka kitanda kilipotulia, ndipo akaingia. Binti alisimama kumpokea mzigo. Sasa alikuwa mrefu kuliko mama yake, akawa anamtazama kutoka juu, na hakuwa na swali lolote. Mdadisi alitaka kusema nisamehe.

"Hizi zitakuwa zimekubana zote," alisema, kisha akaketi kitandani akalia kwa uchungu, huku mabinti wakikunja nguo.

Jumatatu alitoa taarifa kwamba msichana mmoja ametoka kwenye utafiti kwa sababu ya kukua. Daktari alisikitika, akaagiza nafasi yake ijazwe na msichana mwingine wa umri huo.

Ijumaa mwalimu wa hisabati alimkuta mdadisi kwenye baraza ya shule ya kushoto, akipanga viti vya mahojiano.

"Shikamoo, mama. Binti yetu simwoni siku hizi. Anaumwa?"

"Amekua."

"Ah. Pole sana, mama," mwalimu alisema, na ilionekana kweli imemgusa. Akaingia darasani, akafunga mlango.