Siku Nne Baada ya Gogo

Evarist alitolewa chini ya gogo la mninga saa tisa alasiri, naye akatoka anacheka. Tangu saa tatu asubuhi gogo lilipoteleza, mapaja yake yote mawili yalikuwa yamebanwa. Mwenzake Pontien, waliyepasua naye mbao miaka sita huko milimani Mwese, alikuwa amekimbia vijiji viwili kutafuta watu wa kulinyanyua.

"Hakuna mfupa uliovunjika," Evarist alimwambia mkewe, Specioza. "Chinja kuku, mama watoto."

Kuku akachinjwa, majirani wakaja, wakala, wakasimulia. Kabla jua halijazama Specioza alikwenda kumwaga kopo alilokojolea mumewe, akasimama nalo mlangoni. Mkojo ulikuwa mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Akamwonyesha mama mkwe wake, Josephina.

"Hiyo ni damu iliyovilia," mama mkwe alisema. "Heri itoke."

Specioza alitaka kuamini, akaamini.

Asubuhi mapaja yalikuwa yamevimba na kukaza, hayabonyei kwa kidole. Kwenye kopo mlikuwa na mkojo wa vijiko viwili tu. Pontien na wenzake wakambeba kwa machela hadi zahanati. Mganga Nathanael alilitazama lile kopo, hakuuliza mengi. Alitundika dripu, akaifungulia ikimbie.

"Nyama ikibanwa muda mrefu inakufa," alisema. "Gogo likiondoka, damu inapita tena, inazoa ile sumu na kuipeleka kwenye figo. Figo zinaziba. Dawa yake ni maji mengi ya mshipani, na yaanze mapema. Aliumia lini?"

"Jana asubuhi," Specioza alijibu.

Mganga akaanza kuandika barua ya kumpeleka hospitali ya Mpanda.

"Kwa hiyo sisi tulipolitoa..." Pontien alianza.

"Mngeliacha angefia palepale. Ila mngemleta jana hiyohiyo."

Walipata lori la mbao linaloshuka Mpanda. Njia nzima Specioza alisimama juu ya mbao, ameinua chupa ya dripu, mkono ukiwaka moto, asithubutu kuushusha. Hospitalini waliongeza chupa nyingine, na nyingine tena. Evarist hakukojoa. Uso ukaumuka, macho yakawa mistari miwili.

"Anahitaji mashine ya kusafisha damu," daktari alisema. "Hapa haipo, wala mkoa mzima. Na treni ya kumpeleka iliko iliondoka jana."

Siku ya nne, mchana, Evarist aliomba uji. Alimeza mara mbili, kisha akaweka kiganja kifuani.

"Moyo unarukaruka, Specioza," alisema, kama mtu anayeshangaa. Uji ukamwagika shukani. Specioza alipoita nesi, mumewe alikuwa hapumui tena.

Walipomrudisha Mwese, Josephina aliwapokea njiani, kanga imemwanguka begani.

"Mimi ndiye niliyesema heri itoke," alilia. "Mimi, mwanangu."

Specioza aliiokota kanga, akamfunika.

"Na mimi nilikubali, mama," alisema. Wakaongozana kwenda nyumbani.