Manche ya Abdias

Abdias hakuwa fundi wa cherehani, na hilo lilionekana tangu mbali. Mwaka ule wa 2001, wanajeshi waliiiba manche ya uwanja mdogo wa ndege wa Butembo, ule mfuko mrefu wa kitambaa unaofungwa juu ya mlingoti ili rubani ajue upepo. Abdias, chef, yaani mkuu wa uwanja, akakaa chini akashona nyingine kwa bâche, turubai la kufunikia mizigo. Akaipaka mistari mitano ya kuonyesha nguvu za upepo, myekundu na myeupe, sawasawa na ile ya zamani, kisha akaipandisha kwa maringo ya bwana harusi. Kosa lilikuwa moja tu: bâche ni nzito. Upepo wa kuangusha migomba ulipovuma, manche ya Abdias iliinua mistari mitatu tu kwa uvivu, naye akaagiza rubani aambiwe kwamba upepo ni kilomita kumi na sita na nusu kwa saa. Kapiteni Jéthro akaamini. Upepo wa ubavuni ukamsukuma na ndege yake hadi kwenye maharagwe ya watu. Ilivutwa ikatoka nzima, akarudi nayo Beni akiapa kwamba Butembo hawatamwona tena.

Aliyempa hesabu hiyo ni Furaha, maana ndiye aliyeshika phonie, redio ya kuongea na marubani. Alishinda siku mbili na aibu. Siku ya tatu aibu ikawa hofu: mbwa mwenye kichaa alimuuma mguuni binti yake Mapenzi, wa miaka saba, mtaani kwao Bulengera. Chanjo ilikuwa Beni, na barabara ya Beni ilifungwa kwa mapigano. Muuguzi Berthe hakumficha: ugonjwa ule ukishaanza hauna dawa, na siku zinakwenda.

Furaha akamwita Jéthro kwenye phonie. "Kapiteni, nakuomba. Ni mutoto yangu."

"Mama Mapenzi, mi siko na roho mubaya," Jéthro alijibu kutoka Beni. "Mais nitashuka namna gani? Upepo ya ubavu, kilomita makumi tatu, ninashuka. Makumi ine, hapana. Na ile manche yenu inadanganya. Munipe upepo ya kweli, nitakuya."

Jioni Furaha alirudi nyumbani nyuma ya pikipiki ya mumewe Amisi. Mtandio ulimpiga usoni mpaka akakasirika, kisha akashtuka. Hakukuwa na upepo jioni ile. Moshi wa majikoni ulipanda wima. Upepo uliompiga ulikuwa wa pikipiki yenyewe, na nguvu zake zilikuwa sawa na mwendo wa pikipiki. Akachungulia juu ya bega la Amisi. Waendesha pikipiki wenzake Amisi walimcheka kila siku kwa kusugua kioo cha mshale wa mwendo, lakini ni yeye peke yake ambaye mshale wake ulikuwa bado unafanya kazi.

"Baba Mapenzi, mushale inasema nini?"

"Makumi tatu. Unauliza juu ya nini?"

"Juu ya mutoto," alisema Furaha.

Asubuhi, upepo ukiwa bado umelala, wakaenda kuishusha manche. Abdias alikuja mbio.

"Manche iko na sheria! Mustari moja ni kilomita tano na nusu, c'est tout!"

"Papa Abdias, ile sheria waliandika kwa kitambaa. Hapana kwa bâche."

Abdias akaenda kushika ngazi.

Amisi akaendesha uwanjani, Furaha nyuma yake akiinua manche kwenye fimbo ya mwanzi. Mwisho wa uwanja askari mmoja akaona mwanamke na lile dude refu begani, akakoki bunduki.

"Eza nini?" aliuliza kwa Kilingala: ni nini hicho?

Amisi aliinua mikono, injini ikazimika. Furaha yeye alipandwa na hasira. "Ni manche! Murudishe ile mulibeba, na sisi tutaacha hii!"

Askari akashusha bunduki, akawapisha.

Kwenye kilomita ishirini, mstari mmoja uliinuka. Kwenye thelathini, miwili. Kwenye arobaini, mitatu. Wakarudia mara tatu, kwenda na kurudi, na kila mara manche ilisema yale yale. Furaha akachukua kipande cha mkaa, akaandika namba juu ya mistari, na manche ikarudi mlingotini, kisha akamwita Jéthro kwenye phonie aje na chanjo.

Saa tano ndege ilisikika. Upepo nao ulikuwa umeamka.

"Upepo?" Jéthro aliuliza.

"Ya ubavu. Mistari mbili. Makumi tatu."

"Ninaingia."

Ndege iligeuka, ikashuka, ikawa karibu na paa la bureau, ofisi ya uwanja. Hapo mstari wa tatu ukainuka.

"Nyamaza," Abdias alinong'ona. "Mustari itashuka yenyewe. Mutoto anangoja."

Na kweli, angenyamaza, nani angejua? Chanjo ilikuwa pale juu, karibu kiasi kwamba angeweza kuirushia jiwe. Lakini mle ndani alikuwemo pia mtu aliyemwamini kwa mara ya pili.

"Panda, Kapiteni! Mistari tatu, makumi ine! Panda!"

Ndege ikanguruma juu ya vichwa vyao, ikaenda zake. Furaha akalia machozi bila kuficha, macho yakiwa kwenye manche.

"Niko na mafuta ya kuzunguka mara moja," sauti ya Jéthro ilisema. "Kisha ninarudi Beni. Nakusikiliza wewe."

Mstari wa tatu ulianguka. Ukainuka tena. Ukaanguka, ukatikisika, ukatulia. Furaha alingoja mpaka akawa na hakika.

"Mbili! Makumi tatu! Kuya!"

Gurudumu moja liligusa, kisha la pili, katikati ya uwanja kabisa. Wanawake waliokuwa wameleta viazi kutoka Musienene wakapiga vigelegele. Abdias alimkumbatia Amisi akipiga kelele, "Manche yangu! Munaona manche yangu!" Furaha akamwachia sifa zote, akalichukua kwenye ndege sanduku la barafu lenye chanjo, akakimbia nalo kwa Berthe.

Berthe alipochoma sindano, Mapenzi alipiga yowe mpaka watu wa barabarani wakasimama. Amisi alitaka kumnyamazisha, Furaha akamshika mkono. Alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Lia, mama," alimwambia mwanawe. "Lia na nguvu, Jéthro akusikie mupaka Beni."