Mlango wa Nyuma

Mwaka mzima sijalala kama binadamu, na asije mtu hapa akanieleza habari za kusahau. Mke wangu aliondoka, nyumba ikabaki mimi na sufuria moja. Kula sili, kuoga mpaka nikumbushwe. Kuna siku nilikaa kitandani na kiatu mkononi hadi saa sita mchana. Kazi yangu ni kunyoosha bodi za magari, na nashukuru kuna nyundo. Bila kitu cha kupiga ningekuwa marehemu zamani.

Nilihama gereji, nikaja hii ambako hakuna anayemjua mke wangu. Mwenye gereji tunamwita Chuma. Ananivumilia.

"Umenuna mpaka magari yanakuogopa," huniambia.

Jumatatu asubuhi akaingia yule bwana. Yule yule aliyekuja kubeba masanduku ya mke wangu, mimi nimesimama dirishani kama zuzu. Nilimjua kabla hajazima injini. Yeye hakunijua, nilikuwa na barakoa ya vumbi na miwani ya kazi.

"Fundi, mlango huu wa nyuma. Nina haraka kweli."

Bati likigongwa hubonyea kwenda ndani. Hili lilikuwa limetuna kwenda nje, sehemu mbili, ukubwa wa visigino. Mtu alilala kiti cha nyuma akaupiga mateke. Nikafungua. Kitini kulikuwa na doa la damu, limesuguliwa kwa sabuni likagoma kutoka. Miaka ishirini nasoma mabati, hayajawahi kunidanganya.

"Nani kafanya hivi?"

Akacheka. "Mke wangu! Ana mateke yule! Ungemsikia anavyopiga kelele..."

Hakumaliza. Nilimtwanga ngumi ya mdomo, meno yakanichana vidole. Alipoinua mkono kujikinga nikaushushia nyundo, na mfupa nikausikia. Akaanguka, nikamkalia kifuani. Nitasema kweli: nilifurahi, jamani. Kila ngumi nilimwona mke wangu anarudi, analia begani kwangu, anasema nilikosea, nisamehe. Chuma alinikaba shingo kwa nyuma mpaka nikang'oka.

"Mwehu wewe! Utaua mtu!"

Simu ikalia mfukoni mwa yule bwana. Kwenye kioo: Mke Wangu. Nikaichomoa kwa mkono wenye damu, nikapokea, nikiwa tayari kumwambia yamekwisha, rudi nyumbani.

"Baba Nanihii!" Sauti yake ile ile, na inacheka. "Uko wapi wewe? Daktari katuruhusu. Mwanao nimeshamvalisha, kafanana na wewe mpaka kero. Na huo mlango achana nao, uchungu ule ningevunja hata ukuta. Njoo utuchukue."

Nikakaa chini, kwenye mafuta ya gari.

"Mbona kimya? Mbona unahema hivyo?"

"Ni mimi," nikasema.

Nilisikia kichanga kinalia karibu kabisa na simu. Mwaka mzima niliiombea sauti ya mke wangu, usiku na mchana, na sasa ilinijia taratibu, inatetemeka.

"Mpe simu mwenyewe."

Nikapiga magoti nikamwekea sikioni. Alijaribu kusema. Mdomo ulikuwa umejaa damu na meno, neno halikutoka. Mke wangu akawa anamwita, anamwita, na mimi nimeishika simu.