Niliikalia Jeki ya Kijiko

Saa nne asubuhi nilitandika kanga juu ya ile jeki, nikaikalia, nikawaambia sinyanyuki. Jua la baada ya mvua lilikuwa limekichemsha chuma, kinaniunguza hata juu ya kanga. Sikujali. Hasira ilikuwa imenipanda mpaka masikio yanavuma.

Jeki hiyo ni ule mkono wa chuma unaosukumwa na mafuta, haidroli wanavyoita mafundi, unaoinua ndoo ya kijiko. Kijiko chenyewe, mtambo wa kuchimbia, kilikuwa kimekwama kikizibua mtaro wetu mkubwa hapa Ngonga. Mchanga wa mafuriko uliuziba, na maji yalikuwa yamesimama kwenye mpunga siku ya tano. Jeki ikaanza kuvuja, ikafunguliwa, ikaletwa kwa pawatila, trekta dogo la kulimia, uani kwangu kwa sababu ndipo palipo pakavu, na kwa sababu fundi wake ni Kisa, mjukuu wangu wa kike niliyemlea tangu anaota meno.

Ilikuwa ya kubadilishwa sili tu, mpira unaozuia mafuta yasivuje. Lakini kifuniko chake kinashikwa na bolti nane, na kutu ilikuwa imezila zote. Kisa hakutumia nguvu. Jana yake alisugua kwa brashi ya waya, akazimwagia dizeli, akaziacha zinywe. Asubuhi akagonga kila kichwa kwa nyundo, taratibu, kama anayebisha hodi kwa wakwe. Akishika spana, anakaza kwanza kidogo ndipo anarudisha. Mbili zikatoka. Ya tatu ikakatika kichwa.

Hapo Sylvester, msimamizi wa mkandarasi mwenye kijiko, akaleta mitungi ya gesi.

"Piga moto," akasema.

"Bado ina mafuta ndani, bosi," Kisa akamjibu. "Matundu yote mawili yana vizibo. Nimwage kwanza."

"Mwaga basi."

"Dereva alivikaza kwa spana kubwa, na spana ameondoka nayo Kyela mjini."

"Kwenda na kurudi mchana umeisha. Unapasha bolti, hupashi mafuta. Au nitafute fundi mwanaume?"

Kisa akanitazama mara moja, kisha akainama akaokota kiberiti. Hicho ndicho kilichoniwasha. Sylvester ni Sylvester. Lakini Kisa alijua.

Mimi nimezaliwa Ikombe. Kabla sijaolewa huku nilifinyanga vyungu na mama yangu. Chungu ambacho hakijakauka ukikitia motoni, maji yaliyojificha kwenye udongo hutafuta pa kutokea, chungu kikapasuka. Dada yangu Elizabeth ana kovu la kigae shingoni mpaka leo. Na hicho ni chungu, kina mdomo wazi. Hiki kilikuwa chuma kilichofungwa huku na huku.

Ndipo nikakaa.

"Bibi, shuka," Kisa akaniambia.

"Washa. Anza na mimi."

Jirani yangu Andongwisye alikuwa amesimama uani na wenzake, suruali wamezikunja magotini. "Mpunga wangu unaoza, mama, na wewe umeatamia chuma kama kuku."

"Wangu uko bondeni kuliko wako. Unatangulia kuoza."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka.

Sylvester akaleta sauti ya kubembeleza. "Bibi, haidroli unaijulia wapi wewe?"

"Siijui. Ila tangu umwambie huyu mtoto awashe, umerudi nyuma hatua sita. Nimezihesabu. Kama hakuna hatari, njoo ushike wewe huo moto, Kisa aende akasimame hapo ulipo."

Watu wote wakamtazama miguu. Akaangalia saa, akaangalia simu, mwishowe akamwita mtu wa bodaboda afuate spana.

Spana ilifika saa saba. Muda wote ule sikubanduka, maana sikuwaamini. Kisa akawasogeza watu, akakaa ubavuni, si mbele ya tundu, akalegeza kizibo robo mzunguko. Kikafoka. Mafuta yakaruka yakapiga ukuta wa jiko langu, juu kuliko mlango. Hilo lilikuwa joto la jua tu. Moto ulikuwa bado.

Andongwisye akavua kofia. "Ndaga fijo, mama," akasema chini chini. Nashukuru sana, ndivyo tunavyosema huku.

Mafuta yalipokwisha kumwagwa, Kisa akapasha moto kuzunguka kila bolti, hakung'ang'ania mahali pamoja, akaigusisha mshumaa. Nta ikanyweka ndani, bolti zikalegea moja moja. Ile iliyokatika akaitoa mwisho kwa koleo.

Jeki ikarudishwa kwenye kijiko, na kesho yake mtaro ukafunguka. Mpunga wa Andongwisye ukainuka. Wangu wa bondeni ulikuwa umelala kwenye matope, unanuka.

Jioni Kisa akaja kunipa pole. Akakaa kwenye kigoda, mikono bado myeusi.

"Bibi, nilijua."

"Najua ulijua. Ndiyo maana sina maneno na Sylvester. Ninayo na wewe."

"Angenifukuza kazi."

"Angekufukuza ukiwa bado na uso."

Nikampa ndoo na sabuni ya mche, nikamwonyesha ukuta wa jiko. Akapanda kigoda akasugua mpaka giza likaingia. Doa halikutoka, nami sikumwambia aache.