Saa Nane ni Saa Nane

Tovuti ya shule yetu ina akili kuliko baadhi yetu, lakini haina masikio. Imeandikwa kwa lugha ya kompyuta, na lugha hiyo ina injini yake inayoiendesha. Injini nayo ina faili la mipangilio linaloiambia itumie kumbukumbu kiasi gani, makosa iyaandike wapi, na ifuate saa ya upande upi wa dunia. Mstari huo wa mwisho ndio ulionimaliza.

Mkuu wa shule, ambaye sisi wasichana humwita Mama Sheria akiwa mbali, alichukizwa kuona tovuti ikisema 8:00 wakati watu wazima wote wanasema saa mbili. Akamwagiza mwalimu wa kompyuta aifundishe Kiswahili. Mwalimu, badala ya kurekebisha ile saa inayoonekana juu ya ukurasa tu, alikwenda kwenye faili la mipangilio akaihamisha injini nzima hadi pande za dunia ambako jua huchelewa saa sita. Jana jioni kazi ikaisha, na Mama Sheria akapiga makofi.

Asubuhi ya leo dada yangu alikuwa anaondoka. Ndiye aliyenilea. Amepata kazi ng'ambo ya mbali, mkataba wa miaka mitatu, na basi lake lilikuwa linatoka stendi saa sita mchana. Stendi ni mwendo mfupi kutoka getini kwetu. Nilichohitaji ni ruhusa tu, na ruhusa siku hizi huombwa kwenye tovuti. Karatasi zilifutwa. Babu wa geti hafungui mpaka simu yake ipokee ujumbe wa mtambo.

Wakati wa mapumziko nikafungua fomu. Juu ya ukurasa iliandikwa 4:00. Chini yake: "Maombi hupokelewa kuanzia saa 8:00."

Nilielewa papo hapo. Ile nane ilikuwa nane ya zamani ambayo hakuna aliyeigusa, yaani saa mbili asubuhi. Sasa injini ilikuwa inaisubiri saa nane ya mchana.

Nikaenda kwa Mama Sheria, nimefunga vifungo vyote mpaka kooni.

"Tovuti imekosea, Mama."

Akaitazama skrini, akatazama saa ya mkononi. "Hapa inasema saa nne. Yangu inasema saa nne. Fomu inafunguliwa saa nane. Kosa liko wapi?"

"Kosa ni kwamba saa iko sahihi, Mama."

Akavua miwani. "Nani aliweka picha ya mbuzi kwenye ukurasa wa walimu?"

"Kesi ile ilifungwa kwa kukosa ushahidi, Mama."

"Basi na hii imefungwa. Nikitoa ruhusa ya mdomo leo, kesho nitaitoa kwa shule nzima. Saa nane ni saa nane, mwanangu."

Mwalimu wa kompyuta, Mungu ampe maisha marefu na akili kidogo, alinielewa kabla sijamaliza sentensi. Akashika kichwa. Akafungua faili, akaurudisha ule mstari kama ulivyokuwa, akahifadhi. Tukafungua ukurasa upya. 4:00, na dakika kadhaa.

"Mbona haisikii?" nikauliza.

"Injini husoma mipangilio yote, hata ile nane ya fomu, inapoamka tu. Lazima izimwe iwashwe."

"Izime basi, Mwalimu."

"Mtambo uko ofisini kwa mhasibu. Mimi kutoka hapa naruhusiwa kuandika, siruhusiwi kuzima. Na mhasibu yuko semina. Amefunga, ufunguo kaondoka nao."

"Wa akiba?"

"Upo kwenye droo yake. Humo humo ndani."

"Tukate umeme wa shule nzima."

"Ule una betri. Niliinunua mwenyewe, kwa sababu ya watu kama wewe."

Tukaenda kuutazama dirishani. Taa yake ndogo ya kijani ilikuwa inapepesa bila wasiwasi wowote. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mwalimu alilisikia la mkuu neno kwa neno, na guu lililovunjika likawa langu.

Tukarudi darasani, na saa sita ilipokaribia akanipa simu yake nimpigie dada.

"Uko wapi wewe?" dada akauliza. Nyuma yake kondakta alikuwa anaita abiria.

"Shuleni. Siwezi kutoka. Saa ya tovuti imehamishwa upande mwingine wa dunia."

Dada akacheka. "Haya, hicho kipya. Najua umejificha. Nimeshaangalia nyuma ya kibanda cha tiketi."

"Dada, si utani."

"Mara ya mwisho uliposema si utani nilikuta jongoo la plastiki kwenye uji." Alikuwa bado anacheka. "Toka basi, mdogo wangu. Wanapakia mizigo. Nataka nikuone."

"Siko hapo. Nakuapia."

"Nakaa dirishani, upande wa kushoto. Ukimaliza vituko vyako, njoo."

Simu ikakatika. Nilipopiga tena haikupatikana. Mwalimu aligeukia ubao, akaanza kufuta maandishi ambayo hayakuwepo.

Saa sita ikapita. Kengele ya chakula ikalia, watu wakala.

Saa nane kamili fomu ikafunguka. Nikaijaza yote, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Sababu ya safari: kumuaga dada. Jibu likaja kabla sijaondoa kidole.

"Ombi lako limekubaliwa. Safari njema."

Getini, Babu alinionyesha ujumbe kwenye simu yake, akafungua komeo kwa heshima zote. "Haya, mjukuu wangu, una ruhusa halali. Unaelekea wapi?"

Nikatoka hadi ukingo wa barabara, nikasimama upande wa kushoto.