Orodha ya Harusi

Mwalimu alishuka ngazi na mama yake hatua kwa hatua. Jengo lile zamani lilikuwa la watu wa usalama. Sasa ni makumbusho. Baba yake aliingizwa humo miaka arobaini iliyopita, yeye akiwa na miaka tisa, na hakutoka tena. Siku hiyo familia za waliopotea zilialikwa kutazama chumba kipya.

"Polepole, mama."

"Magoti ndiyo yanayogoma, mwanangu. Mimi nataka."

Chumba kilinuka rangi mbichi. Ndani ya kabati la kioo mlikuwa na karatasi moja tu, iliyochanwa kwenye daftari la shule.

"Hii ndiyo iliyowaponza," alisema mwanamke aliyewatembeza. "Majina kumi na moja. Tisa hawakurudi. Mwandishi wake hatumjui mpaka leo."

Mwalimu alivaa miwani. Jina la baba yake lilikuwa la tatu. Kisha akauona mwandiko, zile g zenye mikia iliyopindwa kinyume, kama alivyoziandika yeye utotoni. Aliikumbuka meza ya jikoni, mama akimenya vitunguu huku akimtajia jina moja moja. *Andika vizuri, ni orodha ya mchango wa harusi.*

"Mama," alinong'ona. "Ile harusi ilikuwa ya nani?"

Mama, asiyejua a wala be, hakukitazama kioo.

"Nilitaka wamkamate yule mwanamke mpiga chapa tu, aliyekuwa akinichukulia mume. Watu wa usalama wakaniambia jina moja halitoshi. Baba yako wangemtia adabu siku mbili, wamrudishe."

"Na wengine?"

"Walizoea kuja kula kwangu. Ndio niliowajua."

Mwalimu alishindwa kujizuia. "Niliiandika mimi!" alisema, sauti ikampasuka.

Watu wakageuka. Kinyozi wa mtaani kwao, ambaye kaka yake alikuwa wa saba kwenye orodha, aliwapenya akaja mbele.

"Umesema nini, Mwalimu?"

Mwalimu alimtazama mama yake, akingoja. Bibi kizee akavuta mtandio wake.

"Mwulizeni mwenyewe. Mimi kalamu sijawahi kuishika. Mtaa mzima unajua."

"Nilikuwa na miaka tisa," alisema Mwalimu. "Yeye ndiye aliyenitajia."

"Kaka yangu alikuwa na ishirini," alisema kinyozi. "Na wewe unamsingizia mzazi wako, mjane wa watu?" Akamnasa kibao, miwani ikaruka.

Mama alianza kulia kwa sauti. Wanawake wakamzunguka, mmoja akamletea kiti, mwingine maji. "Pole, mama. Uchungu wa mwana huu." Naye akapokea pole zote, moja baada ya nyingine, akiitikia kwa kichwa.

Mama alirudishwa nyumbani kwa gari la kinyozi, kiti cha mbele. Mwalimu alitembea kwa miguu.